Mwanamke Asiye na Jina Katika "Mzalendo Kimathi"

Wengi wetu watu wa Mombasa, Malindi na Lamu tunaijua Makindu kupitia dirisha la basi. Gari husimama, abiria huteremka kunyoosha miguu, na kabla hujatia mguu chini wanawake wa Kikamba wamekwisha kukuzunguka na machungwa na maembe ya Makueni. Tunapatana bei, tunanunua, tunapanda, twenda zetu. Hatuwaulizi majina, wala hakuna anayeona kuwa hilo ni upungufu. Mji wenyewe umeitwa kwa mikindu, mti ule ule ambao mama zetu hupata ukindu wa kusukia mikeka, lakini hata hilo ni wachache wetu waliopata kulifikiri.

Safari hii gari letu liliharibika, nikalala Makindu siku mbili. Wenzangu wengine walikwenda kula kwenye hekalu la Makalasinga, ambalo liko pale tangu mwaka 1926 na halimtoi msafiri na njaa. Mimi nilisali Ijumaa katika msikiti wa mji, na baada ya sala nikajuana na mwalimu mmoja wa Kiswahili. Aliponitambua kuwa ni mtu wa kalamu akaniambia kuwa jioni ile wanafunzi wake watacheza sehemu za mchezo wa "Mzalendo Kimathi", akanishika mkono nisiondoke kabla ya kuuona. Nashukuru kwamba gari halikutengenezeka upesi.

Kwa wasiokumbuka, mchezo huu uliandikwa kwa Kiingereza na Bw. Ngugi wa Thiong'o na Bi. Micere Githae Mugo, ukachapishwa mwaka 1976, na tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka 1978. Ulichezwa katika Ukumbi wa Taifa mjini Nairobi mnamo Oktoba 1976, baada ya mvutano mkubwa, kwa kuwa ukumbi huo uliitwa wa taifa lakini wageni ndio waliopewa nafasi nono na wenyeji wakaachiwa siku chache. Mwaka uliofuata ulipelekwa Lagos kwenye tamasha la sanaa za watu weusi. Habari yenyewe ni kesi ya Dedan Kimathi, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa hivyo mtu huenda kuutazama akitarajia kumwona Kimathi, na Kimathi humwona kweli, amesimama mbele ya hakimu anayeitwa Shaw Henderson, akishawishiwa kwa maneno matamu kisha akiteswa.

Lakini mimi jioni ile sikumtazama sana Kimathi.

Upo mwanzoni mwa mchezo ugomvi wa watoto wawili wa njiani, Mvulana na Msichana. Wanagombania fedha kidogo, vijisenti, na Mvulana anamfukuza Msichana ampokonye. Kijana aliyecheza sehemu hiyo alikuwa mrefu, mwenye kipaji, akamfukuza mwenziwe akizunguka jukwaa, akamshika nguo, akamtupa chini. Ukumbi ukacheka. Walicheka wanafunzi, wakacheka walimu, wakacheka na wazee waliokaa mbele. Na mimi nilicheka. Sina budi kuliandika hilo, kwa maana kama nisingelicheka makala haya nisingekuwa na haja ya kuyaandika.

Tulicheka kitu gani? Hapakuwa na mzaha wowote katika maneno. Mtoto wa kike alikuwa anapigwa na mtoto wa kiume mwenye nguvu kuliko yeye kwa ajili ya senti zake mwenyewe. Nimejiuliza jambo hili tangu Makindu hadi Mombasa, na jawabu ninaloliona ni kwamba tulicheka kwa mazoea, kama mtu anavyocheka akiona paka anamfukuza panya: kila mmoja yuko mahali pake.

Ndipo anapotokea yule ambaye kitabu kinamwita Mwanamke. Ni mtu mzima, baina ya miaka thelathini na arubaini, ameshika kikapu, na ndani ya kikapu mna mkate, na ndani ya mkate mna bastola ya kwenda kumwokoa Kimathi. Muda mfupi kabla ya hapo amekutana na askari wa Kizungu, akajifanya mjinga wa shamba asiyejua mbele wala nyuma, akapita. Sasa anamkamata Mvulana na kumkaripia. Hamwambii tu kwamba ni aibu kumpiga msichana. Anamuuliza habari za baba yake, na Mvulana anaeleza jinsi baba alivyokufa kazini, mashine zikamla. Naye Mwanamke anamwambia, kwa maana, kuwa siku atakapofahamu ni kwa nini baba yake alikufa kifo kile, siku hiyo ndipo atakapokuwa mwanamume.

Hapa waandishi wamegusa jambo ambalo wahubiri wetu wengi hulikosa. Ukali wa Mvulana haukutoka hewani. Amenyang'anywa shamba, amenyang'anywa baba, amebakiwa na mikono miwili tu, na mikono hiyo haimfikii aliyemnyang'anya. Inamfikia Msichana. Dhuluma ni kama maji ya mvua juu ya dari, hayakai juu, hutafuta pa kuteremkia, na kwa wanyonge pa kuteremkia hapakosekani: mume kwa mke, kaka kwa dada, mama kwa mtumishi, mtumishi kwa mtoto. Mwanamke wa mchezo analijua hilo kwa kuwa naye amepita humo humo. Kabla ya kuingia katika vita vya uhuru aliishi maisha ya mji, maisha ya kupotea na kupigana, na hayafichi. Hana usafi wa kumringia Mvulana, na ndiyo sababu anasikilizwa.

Hata hivyo, nina neno na waandishi. Mwanamke anapomaliza kumfunza Mvulana, anampa yeye mkate auchukue. Msichana, aliyepigwa, hakabidhiwi kitu. Ingelikuwa mchezo umeishia pale tungesema ni hadithi ya namna mvulana alivyofanywa mwanamume, na msichana alikuwa chombo tu cha somo lile. Lakini haukuishia pale. Msichana anarudi mwenyewe. Anasimama mbele ya Mvulana na kueleza kwamba maisha yake yote amekuwa akikimbia: amekimbia nyumbani, amekimbia shule kwa sababu ya mkubwa wa shule aliyemtaka kwa ubaya, amekimbia wanaume njiani, na sasa basi, hakimbii tena. Anageuka kupigana.

Pale Makindu binti aliyecheza sehemu hiyo hakupaza sauti. Alisema polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kikamba, huku akivua kiatu kimoja na kukishika mkononi, jambo ambalo nadhani halimo kitabuni. Ukumbi ule ule uliocheka ukanyamaza. Nilisikia lori likibadilisha gia barabarani.

Nataka niwapeleke wasomaji chuoni kwetu, kwa sababu kimya kile kilinirudisha huko. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, tumekaa juu ya majamvi tunasoma, na nyumba ya pili ukuta ulikuwa mmoja na wa chuo. Bwana wa nyumba ile alikuwa akimpiga mkewe, si mara moja. Sisi watoto tuliposikia kilio tulipunguza sauti ili tusikie vizuri zaidi, na baadhi yetu tulichekeana kwa macho. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema ambaye sijasahau fadhila zake hadi leo. Alichokifanya ni kugonga ubao kwa kifimbo chake na kusema, "Pazeni sauti." Tukapaza. Maneno matukufu yakafunika kilio. Siku zile niliona ni jambo la adabu, kutoingilia nyumba ya mtu. Na jina la yule bibi silijui. Tulimwita Mke wa Fulani, na alipoachwa akarudi kwao hatukuwa na la kumwita tena.

Najua kuna wasomaji ambao tayari wamekwisha kuitaja aya ya thelathini na nne ya Sura An-Nisaa. Mimi si mufti, na sitaki kujitia katika mambo ya watu wa elimu. Lakini tuliosoma sote tunajua kwamba wanavyuoni wamesema kauli nyingi juu ya aya hiyo, na hata wale waliolichukua neno kwa dhahiri yake wameweka mipaka: isiwe ya kuumiza, isiwe usoni, na kuacha ni bora. Tunajua pia hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Waume wangapi wa mtaani kwetu wanaoijua aya kwa moyo wanaijua na hadithi hii? Aya wameishika kama fimbo, na hadithi wameiacha kitabuni. Siku hizi iko pia sheria ya nchi, ya mwaka 2015, ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani. Wake wengi hawajaambiwa kuwa ipo.

Sasa turudi kwenye jina, maana hilo ndilo lililoniweka macho usiku ule katika chumba cha wageni.

Katika mchezo huu wanaume wa vita wana majina. Kimathi ana jina, na ndugu yake aliyemponza ana jina. Hata hakimu dhalimu ana jina, na jina lenyewe la mtu wa kweli, kwa kuwa Ian Henderson ndiye afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi. Lakini yule ambaye bila yeye mchezo hauendi mbele hata hatua moja, anayebeba silaha, anayewazindua watoto, anayebadili sura mara muuza matunda mara mjinga wa shamba, huyo ni Mwanamke tu. Watetezi watasema, na wamesema, kwamba ameachwa bila jina ili awe kila mwanamke, mama wa kila mfanyakazi na kila mkulima. Watasema pia kwamba Mvulana na Msichana nao hawana majina. Ni kweli, na sikatai kuwa ni heshima ya namna fulani.

Ila sisi watu wa Pwani heshima hiyo tunaijua sana, hata tumeizoea kupita kiasi. Mtu mwenye adabu kwetu halitaji jina la mkewe barazani. Atasema "watu wa nyumbani", atasema "mama wa watoto". Mgeni akiuliza jina la bibi mwenye nyumba huonekana kama amevuka kizingiti bila ya kupiga hodi. Nimelelewa hivyo na sijioni nikiacha. Lakini nimeanza kuona kwamba kuna kusitiri jina la mtu na kuna kulipoteza, na mtu aweza kutoka kwenye la kwanza akaingia kwenye la pili bila kujua. Yule bibi wa nyumba ya pili hatukumsitiri, tulimpoteza.

Wala sisemi kwamba kutotajwa jina ni kudharauliwa kila mahali. Katika Qurani nzima mwanamke aliyetajwa kwa jina lake ni mmoja tu, Bibi Maryam. Hata hivyo iko sura ya hamsini na nane, Al-Mujadila, iliyoitwa kwa ajili ya mwanamke aliyekuja kujadiliana na Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya mumewe. Mume alimfananisha na mgongo wa mama yake, desturi ya kijahiliya ya kumweka mke asiwe mke wala asiwe huru. Bibi yule hakurudi nyuma. Akasema, akarudia, akamshitakia Mwenyezi Mungu, na jawabu likateremka kuwa maneno yake yamesikiwa. Jina lake halimo ndani ya sura. Lakini wenye tafsiri hawakukubali lipotee: walilitafuta, wakaliandika, Khawla binti Thaalaba, na la mumewe Aus bin Samit. Tena imesimuliwa kuwa miaka baadaye Sayyidna Omar, khalifa mzima, alisimamishwa njiani na ajuza huyo, akakaa kumsikiliza kwa muda mrefu huku watu wake wakimngoja, na alipoulizwa akasema vipi asimsikilize mtu ambaye Mungu amemsikiliza.

Basi huo ndio mzani ninaoutumia. Mwandishi ana ruhusa ya kumwacha mtu bila jina ikiwa amempa sauti. Mwanamke wa "Mzalendo Kimathi" sauti anayo, tena ndiyo sauti yenye akili kuliko zote mchezoni, na kwa hilo nawavulia kofia waandishi. Lakini je, wenye tafsiri wake ni nani? Ni nani aliyeshughulika baadaye kuuliza, huyu alikuwa nani?

Tazameni lililompata mwandishi mwenyewe. Nendeni mkawaulize wanafunzi kumi, mchezo huu ni wa nani, nadhani tisa watasema ni wa Ngugi. Bi. Micere Mugo alikuwa mwandishi sawasawa naye, jina lake liko juu ya jalada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1982 akalazimika kuihama nchi. Alifariki dunia Juni 2023 akiwa ughaibuni. Ngugi naye ametutoka mwezi wa Mei 2025, na taazia nyingi nilizosoma zilimpa mchezo huu peke yake, hali mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. Mwanamke ndani ya kitabu hana jina, na mwanamke aliyekiandika tumelisahau jina lake. Siamini kuwa mambo haya mawili hayajuani.

Na tazameni mitaani. Ndani ya mchezo Kimathi anasema kwamba vita vikiisha wanawake watajengewa kumbukumbu kwa ushujaa wao. Kimathi mwenyewe alipata sanamu yake Nairobi, katika barabara yenye jina lake, tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe, na alistahiki. Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni mpaka akapewa cheo cha Field Marshal, aliishi hadi Septemba 2023, na nywele alizozifuga tangu msituni zilikatwa mwaka 2022. Ni wangapi kati yetu waliolijua jina lake kabla ya siku ile ya kunyolewa? Sisi wa Pwani tuna bahati kidogo. Tunaye Mekatilili wa Menza wa mwaka 1913, na hata watoto wa chekechea wanamtaja. Tunaye Mwana Kupona binti Msham, ambaye utenzi wake wa mwaka 1858 unaitwa kwa jina lake hadi leo. (Yale aliyomuusia bintiye juu ya kumtumikia mume ni mjadala wa siku nyingine, nao hautakuwa mfupi.) Lakini bahati si kanuni.

Mchezo ulipokwisha nilikwenda nyuma ya jukwaa kuwapa vijana mkono. Binti aliyekuwa Mwanamke alikuwa bado ameshika kikapu, na ndani mlikuwa na machungwa ya kweli, ya kuuzwa. Mwalimu akanieleza kuwa mama yake ni mmoja wa wale wanaosimama kituoni, na kikapu ni cha mama, kimeazimwa kwa saa mbili.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu Mwanamke uliyemwigiza, wewe unadhani anaitwaje?"

Akacheka, akamtazama mwalimu wake, kisha akasema, "Mzee, mimi nimempa la mama yangu. Sikumwambia mtu. Kila nikiingia jukwaani nalisema moyoni kwanza."

Nikataka kuliandika jina hilo hapa. Mwalimu akaniomba nisifanye hivyo, kwa kuwa baba wa binti hajaambiwa kuwa bintiye anacheza michezo ya jukwaani, na nyumba ile, alisema, si ya mambo kama hayo. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza zaidi. Nimelitunza ndani ya daftari langu.

Asubuhi gari lilitengenezeka. Pale kituoni wanawake wakatuzunguka kama kawaida, nikaliita jina lile kwa sauti ya wastani, nisijue kama yupo. Bibi mmoja mwenye leso ya buluu akageuka upesi, akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimemwona bintiye jana usiku, na kwamba kikapu chake kilifanya kazi nzuri. Akanitazama kwa muda, akanihesabia machungwa sita, akakataa kupokea fedha.